Umefika Kama Kumejaa

Wazee wetu wa pwani walipotaka kwenda ng'ambo hawakuanza kwa kuuliza nauli, walianza kwa kuuliza mwongo. Tangu Nairuzi siku za mwaka zilihesabiwa kumi kumi, kila kumi na mwongo wake, na nahodha aliyeihifadhi hesabu hiyo alijua kusi itampeleka Maskati lini na kaskazi itamrudisha nyumbani lini, na alijua kwamba akikawia bandarini kwa ajili ya arusi au Idi ya wenyeji wake, pepo hazitamngoja. Mimi mjukuu wao, mwalimu mstaafu wa Tanga ambaye sijapata kushika usukani wa chombo kinachoshinda baiskeli, nilipoazimia mwezi Mei 2023 kuvuka mpaka kwenda Embu na Meru, sikuwa na miongo wala nahodha wa kumuuliza. Nilikuwa na kalenda ya ukutani, hidaya ya duka la saruji, iliyochapwa sikukuu za Tanzania kwa wino mwekundu na isiyojua lolote juu ya sikukuu za majirani.

Kilichonitia hamu ya safari ile ni hadithi. Wameru husimulia, baba kwa mwana, kwamba asili yao si mlimani bali ni Mbwaa, mahali penye bahari, ambako walitiwa utumwani na watu waliowaita Nguo Ntuune, hata usiku mmoja wakatoroka, maji yakawapisha, wakapanda bara kwa muda usiojulikana idadi yake mpaka wakafika katika miteremko ya mlima wa theluji. Jina hilo la watesi halihitaji mkalimani kwa Mswahili: ni nguo nyekundu. Wapo wanazuoni walioitafuta Mbwaa katika visiwa vya Lamu, na wapo walioitilia shaka, nami si kadhi wao. Lakini mtu aliyelelewa kwa mvumo wa mawimbi, akisikia kwamba watu wa mlimani wameihifadhi bahari katika masimulizi yao, hana budi kutamani kuketi nao awasikilize.

Nikauliza sikukuu za Kenya, nikaambiwa tarehe 1 Juni ni Madaraka, ukumbusho wa siku ile ya 1963 nchi ilipopata serikali yake ya ndani, miezi sita kabla ya uhuru kamili. Mwaka ule iliangukia Alhamisi. Nikafanya hesabu ambayo hata leo sioni kasoro katika mantiki yake: nifike Embu Jumatano jioni, Alhamisi nipumzike katika mji uliotulia, maduka yamefungwa na watu wako makwao, kisha Ijumaa nipande Meru kwa mzee niliyeagizwa kwake. Kasoro ilikuwa katika maarifa. Tangu 2016 serikali ya Kenya imekuwa na desturi ya kuzitoa sherehe zake kubwa Nairobi na kuzipeleka kaunti hii na ile kwa zamu. Madaraka ya 2016 yalikuwa Nakuru, ya 2018 yalikuwa Meru katika uwanja wa Kinoru, na haya ya 2023, yaliyotimiza miaka 60, yalikuwa ni zamu ya Embu. Nilikuwa najipeleka kupumzika ndani ya ngoma.

Nilianza kushuku nikiwa Nairobi, kituoni, pale makanga aliponitajia nauli nami nikadhani ananitajia ya kwenda na kurudi. "Mzee, Embu leo ni kama Krismasi," akasema, akanisukuma kwa adabu kwenye kiti cha nyuma, kati ya mama mwenye kuku wawili na askari kijana aliyelala kabla gari halijaondoka. Tukapita Thika, tukapita Makutano, tukaingia Mwea ambako mashamba ya mpunga yametandazwa kulia na kushoto kama mikeka iliyolowa, na mimi, niliyekuwa nikiudhani mchele wa pishori ni neno la wachuuzi tu, nikaona ulikotoka. Embu tuliingia jua limeshuka. Bendera zilikuwa kila nguzo, kuta za mji zilinuka rangi mbichi, na watu walijaa barabarani.

Katika nyumba ya wageni ya kwanza, binti wa mapokezi alinitazama kwa huruma akasema, "Pole sana, mzee. Umefika kama kumejaa." Sikio langu la Kimrima halikuzoea "kama" ya namna hiyo, nikadhani anasema pamefanana na kujaa, yaani bado ipo nafasi kwa anayejua kuomba, nikaweka mkoba wangu chini nikaanza kuomba kwa lugha nzuri niliyokuwa nayo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafafanua kwamba vyumba vyote vimekwisha tangu majuma mawili, kwamba hata wafanyakazi wamelazwa wanne wanne ili vyumba vyao wapewe wageni wa serikali, na akauliza, bila kejeli yoyote, "Kwani hukujua mwaka huu sherehe ni ya kwetu?" Nyumba ya pili, ya tatu na ya nne zilinijibu vivyo hivyo, kwa maneno machache zaidi.

Aliyeniokoa ni kijana wa bodaboda. Baada ya kunizungusha mjini kwa saa nzima alizima pikipiki, akasema, "Guka, twende kwa mathe," na kwa kuwa guka kwao ni babu, na mjukuu hapingwi usiku, nikapanda tena. Tukaelekea juu, upande wa Kigari, ambako baridi iliingia katika mikono ya kanzu yangu ikatokea shingoni. Mama yake hakushangaa hata kidogo. Alikuwa jikoni, mbele ya mafiga, akiponda mukimo katika sufuria aliyoibana kwa miguu, viazi na mahindi na maharagwe na majani ya maboga, na kila pigo la mchi likaugeuza mchanganyiko ule kijani zaidi, mpaka yakabaki maharagwe mawili matatu yaliyoponyoka, akayafuata moja moja pembezoni mwa sufuria kama mwalimu anayewafuata watoro. Nililala chini ya mablanketi matatu yenye harufu ya moshi. Asubuhi nilipotoa fedha, mama alinirudishia mkono wangu pamoja na kilichomo, akasema pale si lojing'i.

Niliamka alfajiri kuswali, na nilipotoka nje kutia udhu nikaona jambo ambalo lingenifidia nauli hata kama lingekuwa la pekee katika safari ile. Mteremko wote wa mlima, kuanzia juu kwenye majani ya chai mpaka chini kwenye kahawa, ulikuwa unashuka kwa taa. Watu walikuwa wakienda uwanjani kwa miguu, giza totoro, kila mtu na simu yake mkononi ikimulika hatua zake, wazee, wanawake waliobeba watoto mgongoni, wanafunzi waliovaa sare. Na sauti zao, kwa jinsi baridi inavyobeba sauti, zilinifikia kama mazungumzo ya chumba cha pili. Sisi tulishuka baada ya chai, kiungwana, tukakuta malango yamefungwa na nje pamesimama umati usiotazamia tena kuingia, ila hautaki kurudi nyumbani.

Basi Madaraka ya Embu niliyaona ndani ya Embu kwa njia ya televisheni, katika kibanda cha fundi saa, hatua chache kutoka uwanjani, hata mizinga ikisikika mara mbili, mara moja kwa sikio na mara ya pili kwa spika. Vijana waliokuwamo walitafuna mugukaa, majani mateke ya Mbeere, wakayasindikiza kwa njugu. Mmoja alinikaribisha kwa ukarimu mkubwa nami nikakataa kwa hadhari kubwa zaidi, maana mmea huu na ndugu yake miraa ndio uliosomesha watoto wa nchi ile, na kwetu Tanzania mirungi imo katika orodha ya dawa za kulevya, na mtu huweza kulala kizuizini kwa kile ambacho jirani yake anakiuza sokoni. Ulipopigwa wimbo wa taifa vijana wote walisimama, pamoja na aliyekuwa amelala. Lahani ya wimbo huo, wajuao wanajua, imetokana na wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo, watu wa Mto Tana. Na mto huohuo, kabla haujafika kwa Wapokomo, hupita mpakani mwa Embu, ambako umefungwa mabwawa ya umeme, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Nilisimama nao, mgeni, nikawaza kwamba katika chumba kile hapakuwa na kitu cha pwani ila mimi na wimbo.

Ijumaa nilipanda Meru, nikakuta mzee niliyeagizwa kwake ameshuka Embu. Alikuwa amealikwa sherehe. Nikarudi Tanga na hadithi ya kupoteza chumba badala ya hadithi ya Mbwaa.

Tangu hapo nilianza kuichukulia kalenda ya jirani kama elimu. Sikukuu zilizoandikwa ni nyepesi: Leba tarehe 1 Mei, Madaraka 1 Juni, tarehe 10 Oktoba iliyokuwa ya Moi na sasa ni ya Mazingira, 20 Oktoba ya Mashujaa, ambayo kabla ya katiba ya 2010 iliitwa ya Kenyatta na asili yake ni usiku ule wa 1952 ilipotangazwa hali ya hatari, na 12 Disemba ya Jamhuri. Maulidi, ambayo kwetu ni mapumziko ya nchi nzima, haimo katika sikukuu za taifa lao. Sheria yao inasema pia kwamba sikukuu ikiangukia Jumapili, Jumatatu huirithi, jambo ambalo mfanyakazi hulifurahia na msafiri hulisahau. Hayo yote mtu huyapata kwa robo saa ya kusoma.

Kalenda ya pili ndiyo yenye taabu, kwa kuwa haikuchapwa na yeyote, na ndiyo inayojaza magari. Mlimani pale, wakulima wa chai hulipwa kidogo kidogo mwaka mzima, kisha takriban mwezi Oktoba hupokea malipo ya mwisho, yanayoitwa bonasi, na majuma hayo miji ya Embu, Chuka, Nkubu na Meru huwa na sikukuu isiyo na bendera: mabati yanapanda juu ya magari, karo inalipwa, na aliyedai tangu Machi hukaa mlangoni mwa benki. Shule zinapofungwa, wanafunzi wa bweni hushika viti vyote na masanduku yao ya bati hushika njia ya katikati. Disemba, baada ya mitihani, huwa ni msimu wa jando, na nyumba ambayo wiki iliyopita ilimpokea kila mpita njia huweka tawi la faragha mlangoni, si kwa chuki bali kwa kuwa mambo ya ndani si ya macho ya mgeni. Kisha huja Krismasi, na Nairobi nzima hurudi mlimani kwa wakati mmoja, kwa barabara ile moja ya kona na mabonde, yenye daraja la Nithi ambako Julai 2022 basi lililotoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia mtoni na roho zaidi ya 30 zikapotea. Kila nikivuka pale naona abiria wakinyamaza, hata wale ambao tangu Runyenjes hawajanyamaza.

Wenye hekima za safari hutuambia tuziepuke sikukuu za watu. Ni ushauri mwema kwa anayefuata ofisi, mihuri na vyumba vya rahisi. Mimi, kwa kuwa nilikuwa bado najiona msafiri wa namna hiyo, niliutii: nikakaa na karatasi, nikatoa Mashujaa, nikatoa bonasi, nikatoa shule, nikatoa Jamhuri, mpaka ikabaki wiki moja safi kama bamba la mbao lililopigwa randa, kuanzia Jumatatu tarehe 13 Novemba 2023. Nikaweka miadi katika ofisi moja ya Meru iliyohifadhi kumbukumbu nilizotaka kuzisoma. Nikamwandikia na mzee wangu kwamba nitamfikia Jumanne.

Nilipokuwa nimekwisha kulipa nauli, Waziri wa Mambo ya Ndani, Kithure Kindiki, ambaye naye ni mzaliwa wa Tharaka Nithi, katikati ya Embu na Meru, alitangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba Jumatatu hiyohiyo, tarehe 13 Novemba, itakuwa sikukuu maalumu, watu wote watoke wakapande miti. Azma ya serikali ilikuwa miti bilioni 15 ifikapo 2032. Siku ya namna hiyo haimo katika kalenda yoyote duniani, maana inazaliwa kwa tangazo na kufa jua likitua; na wala haikuwa ya mwisho, kwa kuwa Mei 2024, baada ya mafuriko, tarehe 10 nayo ilitangazwa vivyo hivyo. Nilifika Meru nikaikuta ofisi yangu ina kufuli, na juu ya kufuli kipande cha karatasi ambacho mvua ilikuwa imekwisha kukisoma na kukifuta. Nikampigia simu mzee bila matumaini. "Mwalimu!" akasema. "Leo ndiyo siku nzuri. Watoto wote wako hapa. Njoo sasa."

Boma lake liko Imenti, ng'ambo ya Nkubu, mahali ambapo ikweta hupita kati ya migomba bila kumsumbua yeyote. Nilikuwa nimevaa kanzu, kwa heshima ya ofisi ambayo haikunipokea, na makubadhi. Nikawakuta wanawe watatu, mmoja mwalimu, mmoja karani wa kaunti na mmoja aliyetoka Nairobi usiku, na wajukuu wasio na hesabu, na miche ya muringa na mukima imepangwa chini ya ukuta katika vifuko vyeusi. Mzee mwenyewe alikuwa mpimaji: alisimamisha mpini wa jembe ndani ya shimo, na shimo lisilofika alama aliyoikata kwa kisu likarudishiwa mchimbaji wake. Mimi nilipewa kazi ya wembe, kupasua kifuko ubavuni bila kuukata mzizi, kazi ambayo mjukuu wa miaka minane alinifundisha mara mbili na mara ya tatu akaichukua. Mvua ya mwaka ule, ya El Niño, ilianza saa nne, na hakuna aliyeonekana kuitambua.

Hapo ndipo alipoisimulia Mbwaa, katikati ya shimo moja na jingine, mgongo umeinama, akisimama pale tu hadithi ilipohitaji mikono. Bahari aliionyesha upande wa mashariki, juu ya paa la zizi. Maji yalipogawanyika alitumia jembe. Wanawe, ambao naamini walikwisha kuisikia mara mia, waliacha kuchimba. Yule wa Nairobi alisahihisha mahali fulani, akanyamazishwa. Ingekuwa siku ya kazi, nafikiri, ningemkuta mzee peke yake, naye angenipa muhtasari, kama watu wanavyowapa wageni wenye madaftari. Siku ile hakuwa akinisimulia mimi; alikuwa akiwasimulia wao, nami nilikuwa nimesimama karibu.

Alipofika kwa watesi alisita, akajiegemeza kwenye mpini akanitazama kwa utulivu wa hakimu. "Sasa wewe umetoka huko baharini," akasema. "Hao Nguo Ntuune, walikuwa ni nyinyi?" Nikajibu kwamba sisi, mzee wangu, nguo zetu ni nyeupe, nikashika kanzu yangu nimwonyeshe ushahidi. Sote tukaangalia. Kuanzia kiunoni kwenda juu ilikuwa nyeupe. Kuanzia magotini kwenda chini, kwa udongo wa Imenti na mvua ya saa mbili, ilikuwa nyekundu kama pilipili iliyoiva. Yule mjukuu wa miaka minane ndiye aliyeanza kucheka.

Tulipokwisha kula, nguo zangu zikikaushwa juu ya moto na mimi nimevaa koti la marehemu ndugu yake, mzee alisema kwamba mwanawe karani ameahidi kumpeleka aione bahari kabla hajafa, na kwa kuwa mimi nimekuja kwake siku ya sikukuu, naye angependa kuja kwangu siku ya sikukuu. Idi ijayo ni lini? Nikamwambia ni Aprili 2024, tarehe 10. Akamwambia mwanawe aandike. Nikasema, aandike kwa kalamu ya risasi, maana huenda ikawa tarehe 9, au 11. Akauliza ni nani anayejua. Nikamweleza habari za mwezi kuandama, namna tunavyokaa usiku wa mwezi 29 Ramadhani tukisubiri redio, na aliyelala mapema huamka na swaumu yake siku ya watu kula.

"Kwa hivyo nanyi mnatangaziwa," akasema, kwa furaha ambayo hakuificha. Akaamuru ziandikwe tarehe zote tatu, kisha akaniuliza iwapo siku hizo nitakuwa nimemwekea chumba, au naye atafika Tanga kama kumejaa.